Kakao ya Ituri ikipotelea njiani, nani atalipa?

Kakao na kahawa za Ituri zinapita Uganda na Kenya mpaka bandari ya Mombasa, ndipo zinapanda meli. Wauzaji wengi wanajisemea: mnunuzi wa Ulaya ameshalipa asiransi. Lakini kama mkataba ni wa FOB, ni kusema muuzaji ndiye anajibia mzigo mpaka uingie ndani ya meli. Kamyo ikipinduka kabla ya kufika Mombasa, hasara ni ya mwenye mali wa Bunia.

Baharini nako kuna hatari. Mwezi wa tatu 2021, meli Ever Given ilikwama siku 6 katika mfereji wa Suez. Wenye mizigo walidaiwa mchango wa gharama za kuiokoa, hata kama mali yao haikuharibika. Deni kama hiyo, asiransi ndiyo inaibeba.

Tangu sheria ya 2015, SONAS haina tena haki ya kuuza asiransi peke yake Kongo. Basi linganisha bei. Na mbele ya kutia sahihi, uliza: vita inahesabiwa? Mikataba mingi inaitoa, na asiransi ya vita inayolipiwa pembeni mara nyingi inalinda mzigo ukiwa melini tu. Kwa sisi wa barabara ya Bunia–Mahagi, hilo ndilo swali la kwanza.