Taa za manjano: Jicho si kipimo

MTU anayeingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha kiwanda ambamo michoro ya chipu za kompyuta huchapwa, hudhani macho yake yana kasoro. Kuta, mashine na mavazi ya wafanyakazi, vyote huonekana vya manjano. Hilo si pambo, ni ulinzi.

Kisahani cha silikoni hupakwa kwanza utando wa kemikali inayobadilika ipigwapo na mwanga, kisha mchoro huangaziwa juu yake kwa miale maalumu. Kemikali hiyo huathiriwa na mawimbi mafupi, yaani urujuanimno, urujuani na buluu. Mwanga wa kawaida wa ofisini una buluu hiyo, hivyo unaweza kuharibu kazi kabla hata mashine haijawashwa. Ndiyo maana mawimbi yaliyo chini ya nanometa 500 hivi huzuiwa, ukabaki mwanga wa manjano au wa kaharabu.

Kanuni hiyo haiishii kwenye chipu. Nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, huharibika upesi ikiachwa kwenye mwanga, hivyo maabara huipima chini ya taa za manjano. Chupa za kahawia za madukani hulinda dawa kwa njia iyo hiyo.

Kwa nini suala hili lina uzito sasa? Kwa miaka mingi, vyumba vingi vya aina hiyo vimetumia taa za tyubu zilizovishwa ala za manjano. Taa hizo zina zebaki, ambayo ni sumu kwa neva. Mataifa ya Afrika ndiyo yaliyopendekeza ziondolewe kupitia Mkataba wa Minamata, na mwaka 2023 wanachama waliokutana Geneva waliamua kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu za matumizi ya kawaida vikome hatua kwa hatua hadi mwaka 2027.

Uamuzi huo unastahili pongezi. Hata hivyo, maana yake ni kwamba maabara na viwanda vitahamia taa za LED, na hapo ndipo penye mtego. LED nyingi nyeupe huzalisha kwanza buluu ya nanometa 450 hivi, kisha fosfa huigeuza sehemu yake kuwa manjano. Hata zile zenye mwanga wa umanjano bado huvujisha buluu. Jicho haliioni, lakini kemikali huihisi.

Kwa nchi zetu jambo hili si la mbali. Nyeri, nchini Kenya, kuna kiwanda cha chipu katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na viwanda vya dawa vipo Nairobi na Dar es Salaam. Mnunuzi anayechagua taa kwa kuitazama, au kwa bei peke yake, huenda akagundua kosa lake baada ya shehena nzima kuharibika, huku lawama zikimwangukia fundi asiye na hatia.

Dawa yake si ghali. Zabuni itaje kiwango cha mawimbi yanayoruhusiwa, muuzaji aoneshe vipimo vya mwanga wa taa yake, na madirisha nayo yafunikwe. Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Katika kazi hii, taa moja ya bei ya chini yatosha kuuvunja.