Gari Umelibadilisha, Je, Kampuni ya Bima Imeambiwa?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni, na mara nyingi nimewaonya wengine kwayo. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimeficha maradhi, tena yako chini ya boneti ya gari langu.

Mwaka wa 2016 nilinunua Toyota Corolla iliyokwisha kutumika. Injini yake ilikuwa ya sisi 1300, nayo ilipanda milima ikihema kama mzee mwenye pumu. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi, mahali ambapo wengi bado hupaita Grogan, akaniambia, "Mkubwa, tutoe hii tukuwekee ya 1600, utasahau shida." Nikakubali. Baada ya injini zikaja rimu pana, kisha springi zikakatwa ili gari lilale chini, na mwisho redio iliyowaamsha majirani. Mama watoto aliniuliza kama gari lile lilikuwa la kwenda kazini au la kwenda arusini. Nilicheka tu.

Nilipokwenda kuchukua bima, ajenti alinisomea fomu harakaharaka. Kulikuwa na swali moja lililouliza kama gari lilikuwa limebadilishwa kwa namna yoyote tangu litoke kiwandani. Ajenti akasema, "Hapo weka 'hapana', mzee, tumalize." Nikaweka "hapana", nikatia sahihi, nikalipa, nikaenda zangu nikidhani nimejikinga.

Mwaka uliofuata, jioni moja ya mvua, gari liliteleza karibu na Limuru likaingia mtaroni. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Lakini mkaguzi aliyetumwa na kampuni alipofungua boneti, nambari ya injini aliyoiona haikuwa ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Akapima springi, akapiga picha, akaondoka bila maneno mengi. Barua iliyofuata ilikuwa fupi: sitalipwa hata senti moja, kwa sababu nilificha mambo ambayo kampuni ilipaswa kuyajua. Gari la thamani ya shilingi laki sita likageuka chuma chakavu mikononi mwangu.

Nilikasirika sana. Nilizunguka mtaani nikiwaambia watu kuwa bima ni wizi wa mchana. Leo hasira zimetulia, na sina budi kukiri kwamba kosa kubwa lilikuwa langu.

Bima si kama kununua sukari dukani, ambapo muuzaji na mnunuzi wote wanaiona mizani. Anayelijua gari ni mwenye gari. Kampuni hukadiria hatari na kuweka bei kwa kutegemea maneno yake. Jambo hili si geni. Mwaka wa 1766 Jaji Mansfield wa Uingereza, katika kesi ya bima ya ngome moja kisiwani Sumatra, alieleza kwamba pande zote mbili za bima zina wajibu wa kuambizana ukweli bila kufichana. Sheria yetu ya bima ilichipuka katika shina hilo hilo. Mtu akiweka injini yenye nguvu zaidi na kuacha breki zile zile za zamani, hatari imekwisha kubadilika, hata kama yeye ni dereva hodari.

Sisemi kwamba tuache kuyabadilisha magari yetu. Hiyo ni sehemu ya utamaduni wetu wa mjini. Matatu zenyewe zilizaliwa hivyo: watu walichukua vigari vya mizigo, wakavitia mabenchi ya mbao, wakabeba abiria kwa senti thelathini, hata mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta akaziruhusu zifanye kazi hiyo bila leseni maalumu. Leo tazama matatu za Nairobi zilivyopambwa kwa picha, taa na muziki. Mafundi wetu wa jua kali wana akili ya kustahili heshima. Ubaya hauko katika nyundo ya fundi, bali katika kalamu ya mwenye gari anapoandika "hapana" mahali pa "ndiyo".

Wako wanaosema, "Mimi nina bima ile ndogo ya kuwalipa wengine tu, hayo hayanihusu." Ndugu zangu, yanawahusu. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlinda mtu unayemgonga, hata kampuni ikalazimika kumlipa. Lakini kampuni inaweza kwenda mahakamani kuomba iondolewe mzigo huo kwa kuwa uliificha jambo kubwa, na yako mambo ambayo ikishamlipa majeruhi inaweza kukurudia wewe ikudai fedha zake. Basi shamba la baba linaweza kwenda kwa sababu ya injini ya Grogan.

Hata hivyo, lawama zote nisibebe peke yangu. Fomu nyingi za bima zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Ajenti anatafuta kamisheni yake, na swali linalomchelewesha hulivuka kama mtu anayeruka dimbwi. Waingereza wenyewe, tuliorithi sheria hii kwao, walibadilisha mambo kwa sheria ya mwaka wa 2012: mtu wa kawaida anayechukua bima anatakiwa kuwa mwangalifu asitoe majibu ya uongo, nayo kampuni ndiyo yenye kazi ya kuuliza maswali yaliyo wazi. Kwa nini nasi tusiwe na fomu ya Kiswahili inayouliza waziwazi: injini ni ile ile? Springi zimeguswa? Umeongeza ngao ya chuma mbele, keria juu, mtungi wa gesi, redio ya bei? Gari sasa linabeba abiria wa kulipa? Mtu akiulizwa hivyo, hatakuwa na pa kujificha, na ajenti pia hatakuwa napo.

Tena kusema kuna faida ambayo wengi hawaijui. Redio na rimu usizozitaja, zikiibwa, usitazamie kulipwa. Ukizitaja, zinaweza kutiwa katika thamani ya gari, ukalipia kidogo zaidi, nawe ukapata haki yako siku ya msiba. Injini mpya, rangi mpya au bodi mpya ziandikishwe pia kwa NTSA, ili kitabu cha gari kisikusute.

Gari nililo nalo sasa nimelitia keria na ngao. Niliiandikia kampuni barua, wakalikagua, wakaniongezea ada kidogo, wakanijibu kwa maandishi. Barua ile naiweka pamoja na kitabu cha gari. Msomaji, kabla ya bima yako kuisha, lizunguke gari lako ukihesabu kila kilichobadilika tangu ulinunue, kisha uandike. Na ajenti akikuambia "weka hapana, tumalize", mkumbushe kwamba sahihi iliyo chini ya fomu ni yako, si yake.