Milango, Kanga na Karatasi ya Chokoleti

Akina mama wa msikiti wetu wamekusudia kutengeneza chokoleti za kuuza siku za Idi, faida iende kwenye madrasa. Kakao itatoka Kyela, mkoani Mbeya, ambako ndiko inakolimwa kwa wingi zaidi nchini. Ladha tumekwisha kuionja: ipo ya iliki na ipo ya karafuu, nasi tunaipendelea ya karafuu. Kilichobaki ni karatasi ya kuzifungia, na hapo ndipo rai zilipogawanyika. Kwa kuwa miongoni mwenu wamo wengi wenye biashara ndogo ndogo za namna hii, tumeona tuyaandike yaliyozungumzwa.

Mchoro wa kwanza ulioletwa ni wa mlango wa Unguja, nao ni mzuri mno. Kijana aliyeuchora amepanga minyororo na mawimbi kwenye miimo, samaki kwa chini, na maua kuzunguka mfaa wa katikati. Fauka ya hayo, amefikiria karatasi ifunguke pale pale penye mfaa, kama mbawa mbili za mlango, mlaji aingie ndani. Lakini kwenye kizingiti cha juu amenakili aya, kwa sababu milango ya kale aliyoitazama inazo. Kweli inazo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, milango yake imechongwa aya za Qur'ani. Ila aya ya mlangoni imekaa juu ya vichwa vya wanaoingia, na vizazi kwa vizazi vinaitunza. Karatasi ya chokoleti hukaa mkononi dakika tano, kisha inakwenda jalalani au chini ya viatu.

Palitolewa shauri kwamba ziwekwe herufi za Kiarabu zisizo na maana yoyote, ziwe pambo tu. Hilo nalo hatukuliafiki. Tunawajua wazee ambao wakiikuta karatasi yenye herufi hizo njiani huinama wakaiokota, wakaichomeka kwenye tundu la ukuta, hata kama ni tangazo la tende. Si uungwana kuwainamisha kwa ajili ya pambo.

Mchoro wa pili ulifuata kanga, na kwa maoni yetu ndio unaoikaa chokoleti vizuri zaidi, maana kipande cha chokoleti kina umbo la kanga. Pindo huzunguka pande zote, mji hubaki katikati kwa ajili ya picha, na jina hukaa chini yake ndani ya kisanduku. Aliyezoea kusoma kanga ataisoma karatasi hiyo bila kufundishwa. Majina ya kanga yenyewe yaliandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kilatini, na hayakuwa aya. Kadhalika, kanga haihitaji rangi nyingi, na kila rangi inayoongezwa kwa mpiga chapa ni gharama.

Tatizo la mchoro huo ni kwamba umenakiliwa, nukta kwa nukta, kutoka kanga ya kiwanda kimoja. Umbo la korosho ni la watu wote, halina mwenyewe. Lakini mpangilio uliobuniwa na msanii wa leo una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Wafanyabiashara wa kanga walilijua jambo hili mapema: zile za K.H.E. za Mombasa hutangaza ukingoni kuwa ni mali ya Abdulla. Basi korosho ichorwe upya.

Na huyo mchoraji alipwe. Tumesikia ikisemwa kwamba kijana ni wetu, kazi ni ya madrasa, hatadai. Akitoa sadaka kwa hiari yake, Allah atamlipa. Lakini sadaka haidhaniwi kwa niaba ya mtu, hususan kijana asiye na kipato kingine. Paandikwe: amepokea kiasi gani, mchoro ni wa chokoleti ngapi, na kama utatumika kesho kwenye fulana au mifuko, atapata nini. Ikiwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshughulika na kuandikiana madeni, hatuoni haya ya nini.

Wapo waliotaka picha ya Mmasai mwenye mkuki, ati watalii watanunua. Kampuni ya Sarotti ya Ujerumani ilianza mwaka 1918 kuuza chokoleti kwa picha ya mtoto mweusi mwenye kilemba akibeba sinia, ikambadilisha mwaka 2004 baada ya lawama nyingi. Kumfanya mtu pambo la bidhaa isiyomhusu ni udhalili, na kakao hii hakuilima Mmasai. Toblerone nao waliuondoa mlima Matterhorn mwaka 2023, kwa sababu sehemu ya kazi ilihamia Slovakia na sheria ya Uswisi hairuhusu alama hiyo kwa chokoleti isiyotengenezwa kwao.

Kwa kipimo hicho, mlango wa Unguja ukae kwenye ladha ya karafuu peke yake, kwani karafuu inatoka Visiwani. Ya iliki ivae kanga, na katika mji lichorwe tunda la kakao likiwa limeota kwenye shina lenyewe, kama linavyoota Kyela. Wanunuzi wengi hawajapata kuliona. Neno "halali" lisichapwe kabla ya cheti kupatikana, hata kama sote tunajua kilichomo.

Kijana amekwisha kuifuta ile aya. Mahali pake ameweka shada la karafuu, na Ijumaa ijayo ataleta karatasi zilizokatwa kwa kipimo.