Heda Zapasuka, Fundi Akatwa Mshahara



Katika vibanda vya mafundi wa jua kali huko Kibera na Kawangware kuna ugomvi mmoja unaorudi kila mara. Kijana mwenye Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution huja akitaka aondolewe mabomba ya moshi yaliyotoka kiwandani, awekewe yale yaitwayo heda, ili gari lipate nguvu. Fundi hufanya. Baada ya miezi michache bomba lapasuka kwenye maungio, gari laanza kulia kama debe, na mwenye gari arudi na hasira akidai fedha zake au atengenezewe bure. Wanachama wetu wengi hukaa mitaa hiyo, na wengine wana watoto na ndugu katika kazi ya kuchomelea. Kwa hivyo si vibaya sisi watu wa reli kusema neno, maana habari za chuma na moto twazijua.

Chuma kikipata joto huongezeka urefu. Kila mtu wa genge la reli ajua kwa nini huachwa nafasi kati ya reli na reli. Hata zile injini za mvuke aina ya Garratt, ambazo baadhi yake ziko katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, ndivyo zilivyotengenezwa: boila lilifungwa imara upande wa mbele kwenye sanduku la moshi, na upande wa tanuri likaachwa liteleze. Walijua kwamba likifungwa pande zote mbili litajipasua lenyewe.

Sasa tazama heda. Moshi wa injini ya petroli inayokimbizwa waweza kufika digrii 800 au zaidi. Bomba la nusu mita likipanda joto kwa digrii 600, lile la chuma cha kawaida litarefuka kadiri ya milimita 4, na lile la chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, zaidi ya milimita 5. Wengi hudhani stenlesi ni dawa ya kila ugonjwa. Ni kweli kutu haiili upesi, lakini hutanuka kuliko chuma cha kawaida, basi mahali pa kuchomelea pavutwa huku na huku kila injini inapowashwa na kuzimwa. Na bomba lenyewe mara nyingi unene wake haufiki milimita 2. Mengi ya kiwandani ni ya chuma kinene cha kumimina. Hayapendezi macho, lakini hustahimili miaka.

Subaru ina taabu yake zaidi. Injini yake imelala, na mabomba hupita chini yake, karibu na ardhi. Matuta, mawe na maji ya mvua huyapiga yakiwa bado ya moto. Wengine huyaviringishia kitambaa cha kuzuia joto. Kitambaa hicho hushika maji, na kutu yafanya kazi chini yake bila kuonekana. Na ule mngurumo wanaousifu! Katika Subaru za zamani zenye tabo ulitokana na mabomba ya kiwandani kutolingana urefu. Heda zilizosawazishwa urefu huuondoa. Mtu hulipa fedha ili apoteze alichokipenda.

Vijana hutujibu kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Subaru. Alishinda. Lakini gari la mashindano lina kundi la mafundi wanaolingojea njiani, na kilichochoka hubadilishwa. Hilo si gari la kwenda kazini Jumatatu.

Hatusemi mafundi wote hawana hatia. Wako wanaokata bomba la maji lililopakwa zinki na kuliita heda. Moshi wa zinki humtia fundi mwenyewe homa na kutetemeka usiku ule ule, na yale maziwa wanayokunywa hayazuii kitu. Stenlesi nayo yataka kuchomelewa kwa hewa ya agoni, na ndani ya bomba pia ijazwe agoni, la sivyo upande wa ndani huungua ukawa chenga chenga kama sukari, na ufa huanzia hapo. Chupa ya agoni ni ghali. Mwenye gari aliyemaliza fedha nyingi kwa magurudumu na rangi hubishana na fundi juu ya shilingi mia tano. Hapo lawama twamtwika mwenye gari.

Twaona mafundi wa mitaa hii miwili wangeweza kuchanga wanunue chupa moja kwa pamoja. Pia waandike karatasi kabla ya kazi: chuma gani, unene gani, na nani aliyekileta. Bomba lililoletwa na mwenye gari lisiwe na dhamana ya fundi. Na mtihani wa ufundi wa NITA, daraja la 3 mpaka la 1, uko wazi hata kwa aliyejifunza kazi kibandani.

Wengine watasema hawa si watu wa chama, kila mmoja ajitegemea. Si kweli. Kibanda kina mwenyewe, na kijana anayelipwa kwa siku ana mwajiri. Bomba likirudi limepasuka, mwajiri huyo humkata ujira. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara aliyoileta kwa kosa la makusudi, tena kwa kiasi kinachofaa. Ufa ulioletwa na joto katika bomba jembamba, alilolichagua mwenye gari na kulikubali mwenye kibanda, si makusudi ya kijana. Aliyekatwa kwa sababu hiyo aandike tarehe, kiasi na jina la aliyemkata, atuletee.