Kuomba na kudai

Anayeomba hushukuru akipewa, na akinyimwa hunyamaza. Anayedai ana deni mkononi: akinyimwa, aliyemnyima ndiye wa kujieleza. Naona kwamba mwanafunzi mwenye ulemavu hapa Kisangani hukosa masomo yake mara nyingi kwa sababu jamaa zake wamezoeshwa kitenzi cha kwanza tu.

Mdogo wangu haoni vizuri kwa mbali. Alishinda mtihani wa kuingia shule moja ya sekondari ya serikali yenye sifa, ng'ambo ya kulia. Kutoka kwetu Lubunga huvuka mto kila asubuhi. Mama alipeleka karatasi ya daktari na mambo matatu: mtoto akae benchi la mbele, maswali apewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, aongezewe muda. Walikubali kwa mdomo. Wiki ya mitihani ilipofika, maswali yaliandikwa ubaoni na muda ukaisha kwa wote pamoja. Mama alipouliza, aliambiwa kwamba kumpokea mtoto kulikuwa huruma tayari, na huruma ina mipaka.

Huruma ina mipaka, kweli. Ila hapa haikuombwa huruma. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao unahesabu kunyimwa marekebisho ya namna hii kuwa ubaguzi. Kisha ikaja sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda haki hizo.

Sasa tufike kwenye kazi yetu sisi wa lugha. Kifungu cha 142 cha Katiba hiyohiyo kinaiagiza Serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku sitini tangu itiwe sahihi. Kwa hesabu hiyo, sheria ya 2022 ilipaswa kutufikia kwa Kiswahili na Lingala mapema Julai mwaka huo. Mimi ninayesomea lugha za Afrika nimeitafuta kwa Kiswahili, sijaipata. Mama anayeuza sokoni angeitafuta wapi?

Wapo watakaosema shida ni pesa, si lugha: darasa limejaa, mwalimu halipwi vizuri. Nakubali kwamba vitabu vya nukta nundu na wakalimani wa lugha ya alama vina gharama, na hilo ni deni la Serikali. Lakini benchi la mbele halinunuliwi. Nusu saa ya ziada haina bei. Maswali ya herufi kubwa yanahitaji karatasi moja na kalamu.

Wala tusidhani kutafsiri ni kazi ndogo. Mkataba, kwa Kifaransa, unasema marekebisho hayo yawe «raisonnable». Tukiandika «ya busara», tumemwachia prefe wa shule aamue kwa busara yake. Tukiandika «yanayofaa», swali litakuwa: yanamfaa mwanafunzi huyu au hayamfai? Neno moja linahamisha mamlaka. Hata majina tuyatazame: kipofu, kiziwi na kilema yamevaa kiambishi cha vitu, lakini twasema «kiziwi amekuja», si «kimekuja». Upatanisho wa sarufi ulimtambua mtu zamani. Shule ingeweza kufuata.

Kwa hiyo naleta pendekezo kwa walimu wetu: kazi za mwisho wa masomo zikubali tafsiri ya sheria hii, Kiswahili na Lingala, pamoja na maelezo ya istilahi. Wanafunzi wenye ulemavu waisome kwanza na kuisahihisha. Kisha toleo fupi la ukurasa mmoja lipelekwe kwenye kamati za wazazi na kwenye komini, kuanzia Lubunga. Tafsiri peke yake haitamlazimisha prefe. Lakini mzazi atakayeingia ofisini kwake akiwa na ukurasa huo ataweza kuuliza kwa lugha yake kwa nini sheria haikufuatwa, na jibu la huruma halitatosha tena.