"Time and a Half" Si Nusu Saa: Maneno ya Kiingereza Katika Malipo ya Kazi ya Ziada

Mikataba mingi ya ajira katika sekta binafsi nchini Tanzania ingali ikiandikwa kwa Kiingereza, na baadhi ya wafanyakazi husaini wasichokielewa. Neno "overtime" halina taabu. Viwandani limekwisha kuwa ovataimu. Utata huanzia kwenye "time and a half". Anayelitafsiri neno kwa neno hudhani ameongezewa nusu saa, ilhali maana yake ni kuwa kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa saa ya kawaida. Hicho ndicho kiwango cha chini kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. "Double time" ni mara mbili, nayo hulipwa kwa kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu ya kitaifa.

Neno lenye uzito zaidi ni "basic wage", yaani mshahara wa msingi, usiojumuisha posho. Mfanyakazi anayepokea Sh. 600,000 kwa mwezi, ambapo mshahara wa msingi ni Sh. 390,000 na zinazobaki ni posho, hukokotolewa kwa kiasi hicho cha pili. Kwa wiki ya saa 45, mwezi una takriban saa 195. Saa moja ni Sh. 2,000, na ya ziada ni Sh. 3,000. Anayepiga hesabu kwa Sh. 600,000 hutarajia zaidi ya Sh. 4,600, kisha huamini kuwa amedhulumiwa. Hajadhulumiwa, alipaswa kuhoji mgawanyo huo kabla ya kusaini.

Saa ya ziada ikiangukia usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezwa asilimia 5 ya kiwango cha ziada, yaani Sh. 150. Kwa Kiingereza huweza kuitwa "night differential", na ni rahisi kutoiona.

Kazi ya ziada huhitaji makubaliano, na haipaswi kuzidi saa 50 katika wiki nne. Sheria pia humtaka mwajiri amfafanulie masharti ya maandishi mfanyakazi asiyeyaelewa, kwa namna atakayoielewa. Pale ambapo malipo hayo yana mgogoro, shauri hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.