Usiiuze Baiskeli kwa Bei ya Njaa



Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru ili samaki wazaliane. Sheria hiyo ina faida, wala siipingi. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo walanguzi hupita vijijini na katika makambi ya wafanyakazi wakiuliza, "Nani ana baiskeli ya kuuza?" Wanajua kwamba chungu hakina samaki, na Januari watoto wanataka sare na madaftari.

Baba yangu alikuwa mchuma chai. Alipopunguzwa kazini miaka ya 1990, aliuza Humber yake kwa magunia mawili ya unga. Unga ulikwisha kabla mvua hazijakatika. Baiskeli tuliiona miaka mingi baadaye ikipita mlangoni petu na mzigo wa samaki wakavu, ikilisha nyumba ya mtu mwingine. Mzee hakuibiwa, alipangiwa bei na mtu aliyejua hesabu. Basi tuijue na sisi.

Kwanza, sahau bei uliyonunulia. Mtu husema, "Niliinunua kwa laki tatu." Laki tatu zipi? Tarehe 1 Januari 2013 kwacha iliondolewa sifuri tatu, elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja. Na tangu hapo bei zimepanda tena. Nenda soko la Kashikishi, uliza watu watatu walionunua baiskeli kama yako mwezi huu walitoa kiasi gani. Bei anayoitaja muuzaji bado si bei. Bei ni fedha iliyotoka mfukoni.

Pili, ikague kabla mnunuzi hajaikagua. Tazama fremu chini ya usukani na penye foki. Ukiona ufa au alama ya kuchomelea, baiskeli hiyo si ya mzigo tena, thamani yake ni ya spea tu. Kisha shika mkono wa pedali uutikise. Raleigh na Humber za zamani zilizotoka Nottingham, Uingereza, zina skrubu za namna yake penye vikombe vya gololi: meno 26 kwa inchi moja, wakati baiskeli nyingine nyingi zina 24. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2002, na kikombe cha kawaida cha dukani hakiingii. Vikombe vyako vikiwa vizima, simama imara. Vikiwa vimekufa, mnunuzi ana haki ya kupunguza. Lakini asikutishe kwa tairi: 28 kwa 1½ ndiyo saizi ya baiskeli nyingi za Kihindi na za Kichina.

Wala asikutishe kwa umri. Huko Uingereza wako watu wanaozitafuta baiskeli za zamani na kulipia kiti cha ngozi cha Brooks. Huku kwetu tunauza nguvu ya kubeba. Ile nyembamba ya mashindano inaweza kuwa ghali London, lakini haitapandisha samaki Kawambwa. Roho ya kazi iko katika chuma kizito, au kinga, kama wasemavyo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo.

Tatu, toa gharama za matengenezo, na uziandike. Kwa mfano tu: baiskeli nzima za namna yako zinauzwa kwacha 1,500. Yako inataka tairi 150, mnyororo 80, na fundi 50. Jumla 280. Bei ya haki ni 1,220. Mlanguzi akitaja 600, mwulize akuonyeshe kwa maandishi hizo 620 nyingine zimekwenda wapi. Hataweza, kwa sababu zimo katika njaa yako.

Nne, hesabu inachokuingizia. Ikiwa baiskeli inakuletea kwacha 40 kila siku ya kazi, basi 600 ni jasho la siku 15 tu. Siku ya 16 utakwenda kwa miguu.

Ndugu, hesabu hii ndiyo ile ya mshahara. Tajiri naye hupenda kutupangia bei kwa kutazama chungu chetu badala ya kutazama kazi yetu. Mtu mmoja mwenye njaa hawezi kujadiliana vizuri, hata akijua hesabu. Kwa hiyo naomba kila tawi lianze mfuko wa akiba mwezi Machi, uvuvi ukifunguliwa, ili Januari mwenzetu akope pale badala ya kuuza. Na anayelazimika kuuza asiende peke yake: aende na fundi na shahidi, na namba ya fremu iandikwe katika hati ya mauzo.

Umoja ni nguvu.